Kila kompyuta ina mahali inapofia

Ndugu zangu, wazee wetu shikamooni. Kina mama, walimu na vijana, habari za asubuhi. Tunawashukuru mliotoka Ujiji, Gungu na Katubuka, na zaidi nyinyi mliopanda gari alfajiri kutoka Kasulu.

Mmetuomba tulinganishe kompyuta za nyumbani: yenye Windows, ya Apple, yenye Linux, na ile nyepesi inayoitwa Chromebook. Ipi bora? Ubishi huu ni kama wa Simba na Yanga, mechi inaisha lakini wenyewe hawaishi kubishana. Sisi mafundi tunaomba tuuingie kwa mlango wa nyuma. Kuandika barua, kusoma barua pepe, kutazama video, zote nne zinaweza. Zinapoachana ni kwenye ugonjwa wa kuziua. Na Kigoma ina magonjwa yake: unyevu wa ziwa, vumbi la kiangazi, umeme unaopanda na kushuka, bando la kuhesabiwa, na kipuri ambacho kikikosekana hapa mtaani Mwanga kinasubiriwa kutoka Kariakoo, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo swali letu leo ni moja: mashine hii ikija huku, itakufa kwa nini, na ikiugua nani ataiponya?

Asili tuipitie haraka, maana ndiyo inayoeleza habari ya vipuri. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo iliyojengwa kwa vipande vilivyokuwa vinauzwa sokoni, na mfumo endeshi, programu kuu inayoiendesha mashine, ikachukua kwa Microsoft. Kwa kuwa vipande havikuwa siri, wengine wakaiga. Ndiyo maana mpaka leo RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, iliyotolewa kwenye Dell inaweza kuingia kwenye HP au Lenovo. Apple walikwenda njia nyingine: Macintosh ya Januari 1984, mwili na roho, vyote vya nyumba moja. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Helsinki. Ni mfumo wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Chromebook ni mtoto wa Google wa mwaka 2011, na ndani yake kuna Linux hiyohiyo iliyofungiwa milango mingi.

Tuanze na Windows, kwa sababu laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa kwa fundi ni zake: EliteBook za HP, Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo. Ni mashine ngumu, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi ya Ulaya na Marekani, zikatumika miaka mitatu minne, kisha zikauzwa kwa jumla. Tatizo si ugumu wa bodi. Tatizo ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine haikuzima siku hiyo, inaendelea kuwaka kama kawaida. Ila tundu jipya likigunduliwa halizibwi. Kwa mtumiaji wa nyumbani ipo nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, nayo mwisho wake ni 13 Oktoba 2026.

Windows 11 inachagua wa kuwapokea. Inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, diski ya GB 64, kipande cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, iliyo kwenye orodha yake. Kwa prosesa za kampuni ya Intel, orodha hiyo kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji anasema "hii ni i7, hiyo yako ni i5 tu". Neno i7 peke yake ni sawa na kusema "gari langu ni Toyota". Soma namba nzima. Katika i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Sasa weka i7-2620M, ya kizazi cha pili, kando ya i5-8250U. Ile i7 ina viini viwili na imeundwa kula wati 35. Ile i5 ina viini vinne kwa wati 15. Kwa mtu wa Kibirizi anayetegemea betri umeme ukikatika, hiyo tofauti ni ya saa nzima na zaidi.

Tena usitegemee jina la modeli wala stika. EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka na cha 7. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa. Kisha R tena, andika tpm.msc, utafute toleo: liwe 2.0. Likisema TPM haipo, usikate tamaa upesi, mara nyingine imezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows.

Wapo wanaopiga Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine zisizokubaliwa, kwa flashi iliyoandaliwa kuruka ukaguzi. Inaingia, na inafanya kazi. Lakini toleo jipya la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe, lazima fundi alipige kwa mkono, na Microsoft haijakuahidi chochote. Na zile Core 2 Duo za kale hazitawaka kabisa na toleo la 24H2, la mwaka 2024, kwa sababu linatumia amri ambazo prosesa hizo hazizijui. Kwa hiyo fundi akikwambia "nimekuwekea 11", muulize: imekubaliwa au imelazimishwa? Bei mbili hizo si sawa.

Kifo cha pili cha Windows ni kuganda. Mwalimu anafungua mashine, anakwenda kuchemsha chai, anarudi, bado kiduara kinazunguka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame safu ya diski. Ikikaa asilimia 100 huku prosesa iko asilimia 10, mgonjwa ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta data, na mkono huo unafika mahali tofauti kama mara mia hivi kwa sekunde. Windows ikiwaka inaomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu kutoka kila pembe. SSD, diski ya kisasa, haina mkono, inajibu maelfu mengi kwa sekunde. Ndiyo maana SSD ya GB 256 pamoja na RAM ya GB 8 huifufua mashine ya miaka minane kuliko kununua prosesa mpya.

Lakini hapa kuna mtego. SSD ziko za maumbo. Ile ya bapa ya inchi 2.5, unene milimita 7, inaingia palipokaa diski ya zamani, haina shida. Ile nyembamba kama ubao wa ubani, inayoitwa M.2, ina mbili zinazofanana sura: SATA na NVMe. Laptopu nyingi za kizazi cha 4 na cha 5 zenye tundu la M.2 zinasoma SATA peke yake. Ukichomeka NVMe, mashine inakaa kimya kama hujaweka kitu, na muuzaji anaambiwa ameuza kibovu. RAM nayo: kizazi cha 4 na cha 5 ni DDR3L, cha 8 ni DDR4, na cha 6 zipo za aina zote mbili. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Toa iliyomo, isome, ndipo ununue. Na kuna nyembamba za kifahari, kama EliteBook Folio 1040 na ThinkPad X1 Carbon, ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ukinunua ya GB 4 umenunua GB 4 ya maisha.

Ugonjwa wa tatu mnaujua wote wenye stesheneri. Mteja anakuja na flashi, unaichomeka, mafaili hayapo. Badala yake kuna vijialama vyenye mshale mdogo pembeni. Mteja analia, barua ya maombi ya kazi imekwenda. Haijakwenda. Kirusi kimeyafanya mafaili yasionekane, kisha kimeweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, kinajinakili kwenye mashine yako, na kila flashi itakayofuata inapata mgao wake. Usibofye. Fungua kidirisha cha amri, tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatarudi kuonekana. Nakili unayoyataka, futa zile njia za mkato na faili lolote la ajabu usilolijua, kisha ipitishe flashi kwenye Defender, kinga iliyokuja na Windows yenyewe. Inatosha, mradi imesasishwa. Wanaoweka antivairasi ya kukraki juu ya Windows ya kukraki wanachekesha: kile kiprogramu cha kukrakia mara nyingi kinakuagiza kwanza uzime kinga ndipo kifanye kazi. Mlinzi unamfukuza ili mgeni aingie.

Flashi hiyohiyo ukiichomeka kwenye Linux au Mac, kirusi kile hakina miguu. Kimeandikwa kwa Windows. Stesheneri yenye laptopu moja ya zamani ya Linux pembeni, ya kupokelea flashi na kunakili mafaili tu, imepunguza nusu ya maradhi ya duka lake.

Jambo moja jipya linaua data kuliko kirusi. Windows 11 ya toleo la 24H2, ikisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida huifunga diski kwa kufuli la siri bila kukuuliza. Siku fundi akibadili bodi, au wakati mwingine hata mpangilio wa BIOS, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo umehifadhiwa kwenye ile akaunti. Sasa akaunti ilifunguliwa dukani na kijana wa duka, kwa barua pepe aliyoitunga palepale, na wewe huikumbuki. Hakuna fundi Kigoma, wala Dar es Salaam, atakayeifungua diski hiyo. Ukishanunua, ingia kwenye akaunti yako mwenyewe, tafuta ufunguo, uandike kwenye daftari la nyumbani na cheti cha kuzaliwa.

Na bando. Sasisho moja la mwezi la Windows ni mamia ya MB, mara nyingine linapita GB moja. Kama unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, fungua jina la hotspoti yako, uwashe kipengele cha mtandao wa kupimwa. Masasisho mengi yatasubiri mpaka uyaruhusu. Usiyazime moja kwa moja. Tenga siku moja ya mwezi.

Sasa Apple. Tuseme ukweli, mashine zenye M1, prosesa ya Apple yenyewe, zilizotoka Novemba 2020, na zilizofuata ni nzuri mno. Betri inakaa siku ya kazi. MacBook Air ya M1 haina feni hata moja, kwa hiyo vumbi la kiangazi halina pa kunyonywa kuingia. Lakini ile nyumba moja ya mwili na roho ndiyo inayoileta shida huku kwetu. RAM haibadilishwi. Diski imechomelewa. Soda ikimwagika, hakuna kipande cha kuazima kutoka mashine nyingine ya mtaani. Ni kazi ya fundi wa darubini na chuma cha kuchomelea, na wa namna hiyo ni wachache.

Mac za mtumba zenye bei chee ni zile za Intel, na hizo zina tarehe kali kuliko Windows. MacBook Pro ya 2015 na MacBook Air ya 2017 zinaishia kwenye macOS, mfumo wa Apple, toleo la Monterey, la mwaka 2021, ambayo haipewi tena masasisho ya usalama. MacBook Pro ya katikati ya 2012 inaishia Catalina. Na macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzipokea Intel zozote.

MacBook Pro nyingi za kati ya 2016 na 2019, na MacBook Air za 2018 na 2019, tunawasihi mzipite. Kibodi yake ina vitufe vyembamba vya umbo la kipepeo. Punje moja ya mchanga ikiingia chini ya kitufe, kitufe kinagoma au kinaandika herufi mara mbili, na kukibadili maana yake ni kubadili ganda zima la juu pamoja na betri iliyogundishwa. Apple yenyewe iliendesha mpango wa kuzitengeneza bure. Hapa penye mchanga wa Kibirizi hazina mwisho mwema. Ile ya 2012 yenye tundu la CD, wengi wanaidharau, lakini inafunguka kwa bisibisi, inapokea RAM mpaka GB 16 na SSD ya kawaida. Ikiwaka ikaonyesha folda yenye alama ya kuuliza, usikimbilie kununua diski: waya mwembamba bapa unaounganisha diski ndio hukatika kwanza. Toa diski, ichomeke kwa kebo ya USB. Ikisomeka vizuri, mbovu ni waya.

Kabla hujatoa hela ya Mac yoyote ya 2018 kuja mbele, muuzaji atoke kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, mashine ifutwe, iunganishwe na Wi-Fi, na muifuatilie mpaka mfike kwenye ukurasa wa kazi. Ikiomba barua pepe ya mtu mwingine, imefungwa, na haifunguki kwa kupiga mfumo upya. Mtego huohuo upo kwa laptopu za Windows zilizosajiliwa na kampuni na kwa Chromebook zilizosajiliwa na shule: zinauzwa zikiwa hazina intaneti, zinaonekana safi, siku ukiunganisha mtandao zinamtaja mwenyewe.

Chromebook haina mengi. Ni nyepesi, inawaka kwa sekunde chache, na kirusi cha flashi hakiijui. Inakufa kwa kalenda: kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho, nayo imeandikwa ndani, kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS. Zilizotoka 2021 na kuendelea zimeahidiwa miaka kumi tangu modeli itoke, si tangu wewe uinunue. Za bei ndogo zina RAM GB 4 na hifadhi GB 32, vyote vimechomelewa. Bando likiisha, nusu ya kazi imesimama. Kwa mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya chuo, sawa. Kwa nyumba ya kijijini, hapana.

Linux ndiyo dawa ya zile mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na tutaikalia kidogo kwa sababu ndiyo isiyofahamika. Kwa anayeanza tunapendekeza Linux Mint. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litasasishwa mpaka 2029, bila kulipia chochote. Inataka RAM GB 2 kwa uchache, GB 4 ndiyo ya kukaa kwa raha. Kuomba mkopo HESLB, kutazama matokeo ya NECTA, kujaza maombi ya Ajira Portal, vyote ni kazi ya kivinjari, na kivinjari ni kilekile.

Faili la kusakinishia ni takriban GB 3. La Windows 11 linapita 5, la macOS huwa 12 au zaidi. Pakueni mara moja, mgawane kwa flashi. Unahitaji flashi ya GB 8, na jueni itafutwa yote. Iandike kwa programu ya Rufus, ichomeke, washa mashine huku ukigongagonga F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo; kwa Mac ya Intel shikilia kitufe cha Option. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo usiwe na haraka ya kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Funga kifuniko uone kama inalala na kuamka. Visivyofanya kazi kwenye flashi, usitegemee vitajiponya baadaye.

Kinachogoma mara nyingi ni Wi-Fi ya Broadcom, ambayo imo kwenye baadhi ya HP na kwenye MacBook Air za 2013 mpaka 2017. Inakuwa kama yai na kuku: draiva inatakiwa kupakuliwa, na bila draiva hakuna mtandao. Unganisha simu kwa kebo ya USB, washa kipengele cha kugawa intaneti kwa kebo, kisha fungua meneja wa draiva ndani ya Mint. Dakika tano imekwisha.

Anayetaka kuweka Linux na Windows pamoja, azime kwanza kwenye Windows ile njia ya kuwaka haraka. Windows ikizimwa kwa njia hiyo haifi, inalala, na Linux ikiikuta imelala inakupa kusoma mafaili tu bila kuandika. Utaona pia saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu kamili. Betri si mbovu. Linux inaiweka saa ya bodi kwa majira ya dunia, Windows inaisoma kana kwamba ni ya Afrika Mashariki, na baina yake ni saa tatu. Andika kwenye kidirisha cha amri cha Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Lakini saa ikirudi miaka mingi nyuma na kila tovuti ikasema muunganisho si salama, hapo kweli ni betri ndogo ya bodi. Nyingi ni CR2032, na unyevu wa ziwa unaiozesha vituo vyake.

Malalamiko makubwa ya makarani ni Word. Barua ya kurasa mbili ikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inakuwa kurasa tatu, jedwali limekatika. Chanzo mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft. Zisipokuwepo, LibreOffice inaweka nyingine pana zaidi na mistari inasukumana. Sakinisha Carlito na Caladea, zilizokatwa kwa upana uleule:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Barua nyingi zitakaa sawa. Excel yenye makro, amri zilizoandikwa ndani ya faili, haitakaa sawa, tusidanganyane. Na printa: Epson za matangi, kama L3110, zinakubali Linux bila maneno. HP LaserJet 1020 inataka nyongeza ya HP, kwa sababu haihifadhi programu yake ndani. Kila ikiwashwa inapewa upya. Canon LBP2900 itawatoa jasho. Mwenye hiyo abaki Windows.

Kwa hiyo mwenye stesheneri, mwenye programu ya hesabu kama Tally, mwenye kadi za harusi alizozichora kwa Publisher: Windows, na mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hata huyo wa Publisher aanze kuhamisha kazi zake ziwe PDF na kujifunza kingine, kwani Microsoft imetangaza kuisitisha Oktoba 2026. Na Publisher haikuwahi kuwepo kwa Mac.

Mwalimu mmoja ameuliza kuhusu shule za ufukweni zisizo na umeme wa TANESCO. Hapo hesabu ni ya wati kuliko ya mfumo. Betri moja ya sola ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa (Wh) 1,200. Ya asidi usiitoe zaidi ya nusu, zinabaki 600, inveta inakula kama asilimia 15, umebakiwa na 510. Laptopu ya wati 30 itakwenda saa 17. Kompyuta ya mezani na kioo chake, wati 120 kwa pamoja, itakwenda saa nne na kidogo. Mtu akiwapa shule kompyuta kumi za mezani bure, piga hesabu hii kabla hujasema asante.

Chaja nazo zina siri. Dell ina sindano katikati ya plagi inayoitambulisha chaja. Ikivunjika au chaja ikiwa ya bandia, mashine itawaka lakini haitachaji, na itakwenda kwa kujikokota. Watu wanabadili betri bure. Na Mac ikikutekenya mkononi ukiwa unachaji, ni soketi isiyo na waya wa ardhi.

Ukikuta laptopu yenye kibodi ya Kifaransa, kama zile za wenzetu wa Bujumbura na Uvira, usiiogope, ila jua A imekaa pa Q, Z imekaa pa W, na namba zinataka Shift. Nywila inayokataliwa kila siku asubuhi mara nyingi ni sahihi. Kibodi tu imepangwa lugha nyingine.

Sasa tuhamie mezani, mguse wenyewe. Meza ya kwanza tunapima betri: kwa Windows ni amri ya powercfg /batteryreport, unasoma uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki, ya kiwandani ikiwa mWh 48,000 na iliyobaki 21,000, hiyo ni asilimia 44, punguza bei. Kwa Mac mnatazama mizunguko, kikomo chake ni 1,000. Mashine yenye padi ya kipanya iliyoinuka isichomekwe kabisa, betri imevimba gesi. Tuleteeni ikiwa imezimwa. Meza ya pili ni ya kufungua mashine, ya tatu ni ya kujaribu Mint kwa flashi. Mwenye laptopu aje na chaja yake mwenyewe, na mwenye kazi za watu ndani azinakili kwanza pembeni kabla hatujaigusa.